Urefu wa Maneno ya Daktari

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Nimeifanya Kakuma kwa miaka mingi, kwenye vikao vya wenyeji na wakimbizi, kukiwa na ugomvi wa kuni, wa maji, wa mbuzi aliyeingia kambini akatafuna shuka la mtu. Mzee wa Kiturkana akisema, nasema kwa Kiswahili. Afisa akijibu kwa Kiingereza, nampelekea mzee kwa Kiturkana. Sipunguzi, siongezi. Mtu akitukana, namtukania kwa sauti ileile, kisha nakunywa maji. Wakubwa wangu hunisifu kwa hilo, na mimi, nisiwe mnafiki, hujisifu kuwashinda. Wenzangu wanaomung'unya maneno ili kikao kiishe mapema nimewasema sana, mbele yao na nyuma yao.

Kwa hiyo siku ile ya Lodwar naikumbuka kama mtu anavyokumbuka alichokiota akiwa na homa. Mambo yote yapo, tena kwa mpangilio wake, lakini yanaelea. Nikiyashika yanateleza, nikiyaacha yanarudi yenyewe, hasa saa za mchana mkali, nikiwa nimekaa ofisini feni ikizunguka.

Mama yangu anaishi Lopur, si mbali na Kakuma, na mbuzi wake na kuku watatu ambao hamruhusu mtu yeyote kuwahesabu. Hajui mwaka aliozaliwa, anajua ukame aliozaliwa. Mwaka uliotangulia walimwambia kliniki kwamba moyo wake unapiga ovyo, unaruka na kusimama na kukimbia tena, wakampa vidonge. Alivimeza vikaisha. Alipojiona mzima hakufuata vingine, na mimi sikumsukuma, kwa sababu mama yangu kumsukuma ni kazi ya watu wanne.

Alfajiri hiyo alikuwa anakama. Jirani aliyenipigia simu alisema mama aliweka kibuyu chini taratibu, hata tone halikumwagika, akaketi mchangani na kushika tumbo. Nilipofika jua lilikuwa limeshatoka. Nilimkuta ameegemea ukuta wa nyumba, macho yake yametulia, uso wake mkavu. Shanga zake zilikuwa mapajani.

Lazima niseme habari ya hizo shanga. Mama huvaa shanga kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, duara juu ya duara, na shingo yenyewe sijui inafananaje. Hulala nazo, huchanja kuni nazo. Nilikuwa nimemwona bila shanga mara moja tu maishani, wiki ile tuliyomzika baba. Sasa shingo yake ilikuwa nje, nyembamba, ya rangi nyingine kabisa, na mimi nikahisi haya kuitazama.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Inauma kidogo," akasema.

Hospitali ya Kakuma hawakukaa naye. Walimsikiliza moyo, wakamwekea dripu, wakatupakia kwenye ambulensi kwenda Lodwar. Njia nzima mama hakutoa sauti. Dereva alikuwa akitutazama kwa kioo, na baada ya mwendo akashindwa kunyamaza.

"Mama hii iko na nguvu," akasema. "Watu wengine wanalia mpaka mimi naanza kulia. Hii hata haisemi kitu."

Nilimwitikia kwa kichwa. Nje ya dirisha vilima vilikuwa vinakuja na kuondoka bila haraka, na mawe meusi, na mikoma, mitende yetu ya porini, imesimama mmojammoja kama imemsahau aliyeiagiza isimame. Nilikuwa nimeshika zile shanga kwenye kanga. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na zilikuwa bado na joto la mwili wake. Nakumbuka niliwaza kwamba hatufiki, kwamba barabara hii itaendelea hivi na mama ataendelea kunyamaza na hakuna ubaya wowote utakaotokea maadamu gari linakwenda. Niliipenda ile barabara. Nilitamani iwe ndefu.

Tulifika kama saa tano. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa milimani kwenye chai na ukungu, aliyekuwa bado hajazoea jua letu maana alitembea akitafuta vivuli hata ndani ya jengo. Alimsalimu mama kwa "ejok", mama akamjibu "ejok" kwa heshima zote, kisha akamshika tumbo. Alilibonyeza huku, akalibonyeza kule. Lilikuwa laini. Akaniuliza maumivu ni makali kiasi gani, nami nikamwambia mama anasema ni kidogo.

"Kidogo," akarudia, akiandika.

"Lakini amevua shanga," nikasema.

Kalamu ikasimama. Nikamweleza habari ya baba, na ya shingo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta alichoandika, akaandika tena, na tangu dakika hiyo kila mtu pale akaanza kutembea upesi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kilichomtisha ni hicho hasa: maumivu makubwa ndani ya tumbo laini. Walimpima damu, wakamwingiza kwenye skani, wakampitisha mpira puani, na ilipofika saa sita na nusu daktari akarudi na kiti chake mwenyewe, akaketi karibu na kitanda. Alikuwa anasema na mimi, lakini alimtazama mama.

"Dada, sikiza vizuri," akasema. "Nafikiri damu imeganda kwa mshipa unaolisha utumbo. Nafikiri, sina hakika. Skani imeonyesha kipande cha utumbo kimevimba, lakini mshipa wenyewe haujaonekana vizuri. Tuko na njia mbili. Ya kwanza, tusimpasue. Tumpe maji, dawa ya kuzuia damu isigande, dawa ya kuua vijidudu, asile kitu, na tumwangalie kila saa. Kama mshipa haujaziba kabisa, utumbo unaweza kurudi. Ya pili, nimfungue leo, niangalie kwa macho yangu. Nikipata mahali pamekufa, nakata. Pengine atabaki anajisaidia kwa mfuko hapa ubavuni. Na kwa umri wake na huo moyo, anaweza kufia mezani. Sitakuficha. Naweza pia kufungua nipate utumbo ni mzima, nikawa nimemuumiza bure."

"Na tukingoja?"

"Tukingoja na kumbe unaoza, tumbo litakuwa ngumu kama hii meza, na hapo nitajua bila shaka. Lakini nitakuwa nimejua nikiwa nimechelewa. Mimi naegemea kufungua. Lakini akili yake iko sawa kabisa, uamuzi ni wake. Mwambie yote."

Hayo ndiyo maneno yake. Sijayasahau, ni kazi yangu kutoyasahau. Nikamgeukia mama. Alikuwa ananitazama mdomo, si macho. Lile neno la kuoza lilikuwa limesimama mbele ya mengine yote, halipishi. Kwa Kiturkana mimi nimelisikia likisemwa kwa mizoga. Nilijaribu kulizunguka nikakuta nyuma yake kuna meza ya kufia, na nyuma ya meza kuna mfuko wa ubavuni, na mama yangu ni mtu anayekwenda mbali kabisa, nyuma ya vichaka, hata kuku wake wasimwone.

"Anasema utumbo wako umechoka," nikamwambia. "Watakupa maji na dawa, upumzike."

Mtoto mwenye mafua huambiwa zaidi ya hayo.

"Haya," mama akasema.

"Amesema nini?" daktari akauliza.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho kama mwenzangu angekifanya ningeomba afukuzwe.

"Amesema tusubiri kidogo," nikasema.

Daktari alinitazama, akamtazama mama. Akakubali. Nani angemtilia shaka binti wa mgonjwa, tena mkalimani? Akaagiza dawa zianze, akasema atapita saa nane, na tumbo likibadilika aitwe mara moja. Akachukua kiti chake akaenda nacho.

Basi tukasubiri. Saa ile ilikuwa nzuri, naona aibu kuisema, lakini ilikuwa nzuri. Jua lilikuwa limesimama juu ya Lodwar na mji mzima ulikuwa umenyamaza chini yake. Upepo ulikuwa unaingia dirishani na harufu ya mchanga wa moto, pazia linavimba na kunywea. Tone la dripu likaanguka, likaja jingine, na mimi nikawa nayahesabu na kusahau nilipofika. Mama alikuwa amefumba macho. Niliamini anapona. Niliamini kwamba kwa kuwa sikuyasema yale maneno, hayapo.

Simu ikanguruma. Alikuwa mjomba, kaka yake mama, kutoka Lopur. Huyo ni mtu wa kupiga kelele kwenye simu kana kwamba anataka sauti ifike kwa miguu.

"Nimechinja yule beberu mweupe," akasema. "Nimetandaza matumbo juu ya ngozi, tumeyasoma sisi wazee wanne. Mto wake una maji. Kuna mahali njia imejipinda, lakini haijakatika. Mwambie dada yangu asikubali kisu."

Kwetu wazee husoma matumbo ya mbuzi. Huona humo mvua, maradhi, maadui wanakotokea, na malisho yaliko. Mimi ni mtu wa ofisi, na kanisani nakaa kiti cha mbele. Lakini siku hiyo nilimshukuru mjomba mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu mbuzi wake alikuwa amesema nililotaka kusikia. Mama alikuwa amefumbua macho. Nikamfikishia maneno ya mjomba yote, neno kwa neno, hata kikohozi chake pale katikati.

Mama alicheka kidogo, akashika tumbo.

"Kaka yangu amesoma matumbo ya beberu," akasema. "Ya kwangu nani ameyasoma?"

Akafumba macho tena, na mimi nikarudi kwenye matone yangu. Lakini usingizi ule wa mchana, wa kukaa macho wazi, ulikuwa umeshanibeba mahali pengine.

Nilikuwa kwenye laga, ule mto mkavu wa nyuma ya boma letu la zamani. Nina kama miaka saba. Wanaume wamekaa kivulini nusu duara wakiwa wameshamaliza kusoma, na matumbo yametolewa kwa wanawake, maana wao huangalia na sisi huosha. Mama amechimba shimo mchangani, maji yamepanda taratibu, yamejaa kiganja. Ameshika utumbo wa mbuzi aliyechinjwa kwa kuwa alikuwa amevimba tumbo tangu asubuhi. Unapita mikononi mwake, mrefu, unang'aa, wa rangi ya waridi na kijivu, na ghafla unageuka. Sehemu hiyo ni nyeusi, kama ini lililolala. Mama hakushtuka. Aliukata kisu huku na huku, akamtupia mbwa kile kipande, akaendelea kuosha.

"Kwa nini umekata?" nikauliza.

"Kimekosa damu."

"Na hiki kingine?"

"Hiki kizima. Lakini weusi hutembea. Ungeuacha mpaka jua lizame, ungeukuta umefika hapa." Akanionyesha kwa kidole chenye maji.

Niliporudi kitandani kwa mama, alikuwa ananitazama. Sijui alikuwa ananitazama tangu lini.

"Mwanangu," akasema. "Yule daktari alisema maneno marefu. Kuanzia alipokaa mpaka kile kivuli kikafika kwenye mguu wa kitanda. Wewe umenipa mafupi. Mengine yako wapi?"

Nilitaka kusema Kiswahili kina maneno mengi. Nilitaka kusema madaktari hupenda kurudia. Nikamtazama shingoni, pale pasipo na shanga, nikaona mshipa unaruka na kusimama na kukimbia tena.

Nikampa yote. Nilianza mwanzo, kwa mpangilio wake, kama ninavyofanya kikaoni, macho ukutani. Nilisema mshipa na damu iliyoganda. Nilisema njia ya kwanza na njia ya pili. Nilisema meza ya kufia, nilisema mfuko wa ubavuni, nilisema anaweza kufunguliwa bure, na nilipofika kwenye kuoza nikalisema kama lilivyo, kwa Kiturkana, mbele ya mama yangu. Nilisema daktari anaegemea kufungua. Sauti yangu haikutetemeka, na hiyo ndiyo sehemu ninayoichukia, kwamba ningeweza tangu mwanzo.

Mama alisikiliza. Kisha akauliza, "Ameuona?"

"Hapana. Ameona picha, na haiko wazi."

"Kwa hiyo hajui rangi."

"Hajui."

"Akikuta mweusi, atakata mweusi peke yake?"

"Atakata uliokufa. Mzima atauacha."

Nje mtu alikuwa anavuta ndoo kwenye sakafu, na ile sauti ilikwenda mpaka mwisho wa wodi ikarudi.

"Kaka yangu husoma akiwa amekaa mbali," mama akasema. "Mimi nimeosha matumbo tangu sijaota maziwa. Nimeyashika. Utumbo huwezi kuujua kwa nje ya ngozi, awe mzee ameusoma au awe daktari na picha yake. Na ule weusi haungoji." Akahema. "Ule mfuko nitauzoea. Nilizoea kukaa bila baba yako."

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Naogopa sana," akasema. "Lakini mbuzi haulizwi. Mimi nimeulizwa. Mwite."

Nilikimbia. Nilimkuta daktari kwenye korido anakunywa chai amesimama. Ilikuwa saa nane kasoro.

"Anataka umfungue," nikasema. "Na daktari, ile ya kusubiri haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Sikumwambia yote."

Aliweka kikombe juu ya dirisha. Nilikuwa tayari kwa lolote, nadhani nilitaka anikaripie. Alikwenda wodini kwa hatua za haraka, akambonyeza mama tumbo, na mara hii niliona vidole vya miguu vya mama vikikunjana. Uso wake ulikuwa vilevile, mkavu.

"Limeanza kukaza," daktari akasema, si kwangu. Kisha kwangu: "Mwambie naenda sasa hivi. Mwambie nitakata kidogo iwezekanavyo. Na mwambie hata kufa anaweza kufa. Mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia hivyo hivyo. Mama akaweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Walipomsukuma alinigeukia akasema nisisahau kwamba yule mbuzi mwenye pembe moja hunyonywa na mtoto asiye wake, jirani amtazame. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kabla ya mlango.

Nilikaa nje chini ya mwarobaini na shanga mapajani. Sijui niliomba au niliota. Jua lilishuka kidogo kidogo, majani yakawa yanatupa madoa juu ya kanga yangu, na mimi nikawa naona kila doa ni sehemu ya utumbo wa mama, nyingine nyeupe, nyingine nyeusi, na upepo unazichanganya. Mjomba alipiga mara tatu sikupokea. Watu walipita wakasema "ejok", nikawajibu "ejok". Kule upande wa mto Turkwel mikoma ilikuwa inatikisika polepole, yote kwa pamoja, bila kelele iliyonifikia.

Daktari alitoka jua likiwa bado halijazama. Alikuwa na alama ya kofia kwenye paji la uso.

"Yuko hai," akasema, akaketi kando yangu mchangani, mtu mzima na nguo zake za kijani. "Kulikuwa na kipande kimekufa. Nimekikata. Kingine kina damu, kinacheza vizuri, lakini kuna sehemu sina imani nayo. Nimetoa mdomo wa utumbo ubavuni, na kesho kutwa nitafungua tena niangalie."

"Kirefu?"

Akanyoosha mkono wake mfupi, akaonyesha kutoka ncha za vidole mpaka begani.

"Kama ningemwambia ile saa sita na nusu," nikasema, "kingekuwa kifupi?"

Nampenda mpaka leo kwa kuwa hakunipaka mafuta.

"Labda," akasema. "Siwezi kujua. Saa mbili zaidi, ningefunga tu nikuite umuage."

Siku ya tatu walimfungua tena, wakakuta kilichobaki ni kizima. Mimi nilipanga chumba Nawoitorong, nje kidogo ya mji, nikawa nakwenda wodini asubuhi na kurudi jioni, na siku zile zote zimekaa kichwani mwangu kama siku moja ndefu yenye mwanga mweupe. Mjomba alikuja na ambulensi nyingine iliyoleta wagonjwa, akaketi kitandani kwa mama bila kuruhusiwa, akatangaza kwamba beberu wake hakukosea. Si alisema njia imejipinda lakini haijakatika? Mama alimwambia imekatwa na kutolewa nje, na kama haamini aangalie ubavuni. Mjomba akaangalia, akatoka nje akakaa huko mpaka chai ilipoletwa. Mfuko wenyewe mama alijifunza kuubadilisha kwa siku mbili. Wauguzi walishangaa. Mimi sikushangaa, nilijua mikono ile imefanya kazi gani.

Kile kipande sikukitaja. Nilimwambia kimekatwa, sikumwambia urefu wake. Nilikuwa na mpango wa kumwambia tukifika nyumbani, kisha atakapopata nguvu, kisha mvua ikinyesha. Unaona jinsi ninavyojua kupanga.

Alasiri ya kumi, au ya kumi na moja, alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye mito, na mimi nilikuwa namvalisha shanga zake. Alikuwa amekonda, kwa hiyo duara za chini zilimlegea. Nilikuwa nyuma yake, sioni uso wake, na pengine ndiyo maana niliweza.

"Mama," nikasema. "Siku ile nilikuficha maneno zaidi ya saa nzima. Na daktari nikamwambia wewe umesema tusubiri."

Shingo yake ilitulia chini ya vidole vyangu.

"Kilichokatwa kilikuwa kirefu kiasi gani?" akauliza.

Nilikuja mbele yake. Mkono wangu ulianza kwenye ncha za vidole ukataka kusimama kwenye kiwiko. Nikaupeleka mpaka begani, nikaushikilia pale auone.

Aliutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kitambaa dukani.

"Sasa umenipa yote," akasema.

Nikalia. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu, mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kunistahi. Nikamuuliza kama anajua kwamba sehemu ya ule mkono ni yangu mimi, kwamba ningesema mapema wangekata kidogo.

"Najua," mama akasema. "Siku ile nilijua palepale ulipofunga mdomo. Nimekuzaa, nashindwaje kujua?"

"Sasa mbona hukuuliza saa ileile?"

Alirekebisha duara la juu kabisa chini ya kidevu, akalizungusha mpaka likakaa mahali pake.

"Nilikuwa nakungoja," akasema.